Paneli za kabati zimepasuka nilipohamia Dodoma: tatizo ni mbao, randa au mkono wa fundi?

#1 Mhamiaji Dom

Wakuu habarini. Hili nalileta kwa mafundi wa mbao na yeyote anayeshika randa.

Nina makabati mawili. Moja alilitengeneza babu yangu kule Tanga miaka ya 70. Ni mninga mtupu, fremu na paneli za kuinuka (katikati pameinuka, pembeni pana mteremko unaoishia kwenye ncha nyembamba), kazi yote ya randa ya mkono. Ukipapasa mgongo wa paneli bado unasikia mawimbi ya bleidi. La pili nilitengenezewa Dar, la mtiki, milango minne, kila mlango paneli moja yenye upana wa sentimita 35 hivi. Fundi wake ni mtu makini na nilimwona mwenyewe akipiga randa kwa mkono, hakupeleka paneli mashineni.

Dar makabati yote mawili yalikaa salama. Ofisi ilipohamia Dodoma nikaja nayo kwenye lori moja. Ilipofika Agosti lile la mtiki likaanza kutoa milio usiku, halafu paneli mbili zikapasuka toka juu hadi chini. Mbili nyingine hazikupasuka, ila pale zinapoingia kwenye fremu pametokea mstari mweupe usio na vanishi, kama milimita mbili kila upande. La babu halina hata ufa wa unywele.

Sasa tatizo ni nini? Nauliza kwa sababu nimeshajinunulia randa mbili za mtumba, na nataka kabati lijalo nilitengeneze kwa mikono yangu.

#2 Mbao Keko

Mkuu hiyo ni mbao mbichi, hakuna siri hapo. Siku hizi mtiki unakatwa mdogo, unapasuliwa, wiki inayofuata uko sokoni umeshapigwa randa unang'aa. Ukiunyanyua unasikia uzito wa maji. Fundi wako anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wote Keko, lakini mbao mbichi itamuaibisha.

Babu yako alikuwa anapanga mbao darini au chini ya paa la kiwanda, anazisahau huko mpaka apate kazi. Ndiyo tofauti.

#3 Fundi Shikilia Randa

Mbao Keko, nakukubalia nusu. Kama ingekuwa ubichi tu, kabati lingepasukia Dar. Kasema lilikaa Dar bila tatizo.

Mhamiaji, nakuomba uangalie jambo moja kabla hatujaenda mbali. Paneli mbili zimepasuka na mbili zimeonyesha mstari mweupe. Je, zile zilizopasuka nazo zina mstari mweupe pembeni? Kama hazina, basi zimeshikwa. Paneli inatakiwa ikae ndani ya mfereji wa fremu ikiwa huru, bila gundi, bila msumari. Hewa ikikauka inasinyaa na kuchomoka kidogo pande zote mbili, ndiyo mstari mweupe unaouona. Ikishikwa pande zote mbili haiwezi kusogea, kwa hiyo inachanika katikati. Hizo mbili zenye mstari mweupe ndizo zimefanya kazi yake vizuri.

#4 NyundoNzito

Mimi nasimama na randa. Mbao iliyorandwa kwa bleidi kali nyuzi zake zimekatwa safi, maji na hewa haviingii ovyo. Iliyopigwa msasa nyuzi zimechanwachanwa, inafyonza unyevu haraka na kuutoa haraka. Muulize fundi wako kama baada ya randa hakupitisha mashine ya msasa. Wengi wanaranda mbele ya mteja, ukishaondoka wanawasha mashine.

#5 Hesabu Tamu

Naongeza tarakimu ili tusikisie.

Mbao haikauki moja kwa moja mpaka ikafika sifuri. Inakauka mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 80 inaifanya mbao itulie kwenye asilimia 16 ya maji kwa kulinganisha na uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 50 inaitelemsha mpaka asilimia 9 hivi. Dar iko karibu na bahari. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000, na toka Mei hadi Novemba mvua ni ya kubahatisha. Kwa hiyo mbao iliyokauka vizuri kabisa Dar, ikiletwa Dodoma bado ina maji ya kupoteza. Mbao Keko, hata ungeisahau darini Dar miaka kumi isingeshuka chini ya pale hewa ya Dar inaporuhusu.

Mtiki husinyaa kwa asilimia 5.8 kwa kufuata duara za mti na asilimia 2.5 toka kiini kwenda gome, hiyo ni toka ubichi mpaka ukavu wa ovenini. Gawanya kwa asilimia 28 hivi za maji ambako usinyaaji huanzia, unapata kama asilimia 0.2 kwa kila asilimia moja ya maji. Ikipoteza asilimia 6 za maji, paneli ya milimita 350 iliyopasuliwa kwa ubapa inapungua milimita 4 na kidogo. Mbili kushoto, mbili kulia. Mhamiaji, ndizo milimita zako hizo.

#6 Mama Paneli

Hesabu Tamu, umetaja namba mbili halafu ukaendelea na moja. Hapo penye 5.8 na 2.5 ndipo penye kesi nzima.

Mimi ni fundi, karakana yangu iko Moshi. Nikinunua mbao siangalii uso, naangalia kichwa. Kama duara za mti zinasimama wima kwenye unene wa mbao, hiyo nainunulia paneli. Kama zimelala kama tabasamu, hiyo naipeleka kwenye rafu na migongo ya droo. Paneli ya duara wima inasinyaa chini ya nusu ya ile ya kulala, na haikunji. Naamini babu alichagua. Mafundi wa zamani walikuwa na magogo makubwa ya kuchagua, mtiki wa leo ni mwembamba, kila ubao unaotoka una kiini katikati.

Mhamiaji tupigie picha ya vichwa vya paneli, za babu na za mtiki.

#7 Kipara wa Mwanza

Jamani mnatisha watu. Mimi nagundisha paneli zote, gundi mzunguko mzima, na milango yangu iko kanisani na kwenye nyumba za watu hapa Mwanza hakuna aliyerudi. Fremu bila gundi kwenye paneli inagongagonga mlango ukifungwa, mteja anadhani umemwibia.

#8 Fundi Shikilia Randa

Kipara, paneli zako zina upana gani, na hewa ya Mwanza si inalindwa na ziwa? Paneli ya sentimita 12 inayokaa karibu na maji haisogei hata nusu ya hii ya sentimita 35 iliyopanda Dodoma. Hujapasua kwa sababu hujaijaribu mbao.

Kugongagonga kuna dawa. Weka tone la gundi katikati ya ubao wa juu na katikati ya ubao wa chini tu, paneli inabaki imeshikwa kiunoni na inasinyaa kushoto na kulia sawasawa. Wengine wanapigilia kijiti kimoja katikati badala ya gundi. Haitagonga.

#9 Kipara wa Mwanza

Paneli zangu ni sentimita 15, kweli. Lakini sijaacha hoja yangu, mimi natumia mkangazi, nao una tabia yake, hauna fujo za mtiki.

#10 Mpwani wa Malindi, Unguja

Asalaam aleikum. Nimesoma nikakumbuka milango ya kwetu Mji Mkongwe. Ile milango ya Kiarabu ya zamani haina hizo paneli munazozisema. Bawa la mlango ni mbao nene zimesimamishwa pamoja, nyuma zimepigwa mikanda ya kulala kwa misumari mikubwa. Kaskazi ikipita na kusi ikipita, mbao zinaachana na kurudiana hapo zilipokutana, wala hakuna kinachopasuka. Nyufa baina ya mbao wanazificha kwa mfaa (ule ubao wa kusimama katikati ya mlango) na nakshi. Ile ya Kigujarati ndiyo yenye fremu na vipande vidogo vidogo vya mraba ndani yake. Tazameni udogo wa vile vipande. Aliyeviweka alijua kuwa kipande kidogo kinasogea kidogo.

Kwa hiyo mimi nasema kosa ni upana. Sentimita 35 kwa ubao mmoja ni tamaa.

#11 NyundoNzito

Hapo kwa upana nimeelewa, ila mbona la babu halijapasuka na lenyewe lina paneli pana? Mhamiaji, paneli za babu zina upana gani?

#12 Mwana wa Maskati

Wapendwa, niko Maskati. Nina kasha na kabati dogo la mvule vilivyoletwa toka Unguja. Nje hapa karibu na bahari kuna unyevu wa kutosha, ndani kuna kiyoyozi mchana na usiku. Kabati lilikaa ukutani mkabala na kiyoyozi, paneli ya upande huo ikapasuka, ya upande wa pili nzima mpaka leo. Mbao moja, fundi mmoja, nyumba moja. Kwa hiyo Mhamiaji angalia na kabati limekaa wapi, dirisha la magharibi lenye jua la alasiri linatosha kufanya kazi ya kiyoyozi.

#13 Mhamiaji Dom

Shukrani wote, sikutegemea. Majibu:

Paneli za babu ni sentimita 38, pana kuliko za mtiki. Mpwani, kwa hiyo upana peke yake hautoshi.

Makabati yote mawili yako chumba kimoja, ukuta mmoja, hakuna jua la moja kwa moja.

Mama Paneli, nimeangalia vichwa kadiri nilivyoweza. Za mtiki duara zimelala, zote nne. Za babu moja imesimama, moja imelala kabisa. Na hiyo iliyolala nayo ni nzima.

Fundi Shikilia, nimefungua bawaba nikalaza milango miwili iliyopasuka. Mmoja una gundi iliyovuja toka kwenye ulimi wa kona (ncha ya mbao ya fremu inayoingia kwenye tundu la mwenzake) ikashika kona ya paneli. Mwingine sioni gundi popote, ila vanishi imejaa kwenye mfereji, nene, imekauka.

#14 Mama Paneli

Vanishi iliyojaa mfereji ni gundi ya pili. Ndiyo maana paneli inapakwa rangi au vanishi KABLA ya kufungiwa kwenye fremu, mteremko wote mpaka ncha. Faida ni mbili: hainati, na ikisinyaa huoni mstari mweupe. Huyo fundi alifunga kabati kwanza akapaka baadaye.

#15 Mbao Keko

Au mbao ilikuwa mbichi na vanishi ikaingia paneli ilipokuwa imevimba 😀 sijashindwa bado.

#16 Hesabu Tamu

Lakini zile mbili zenye mstari mweupe nazo zilipakwa baada ya kufungwa, la sivyo mstari usingeonekana. Mbona hazikunata? Fundi yule yule, vanishi ile ile.

#17 Fundi Shikilia Randa

Ndiyo maana nakwenda kwenye mfereji na ncha ya paneli. Paneli ya randa kila moja inatoka na unene wake. Mfereji ukiwa wa milimita 6, ncha mbili zikatoka 5.8 zitateleza, mbili zikatoka 6 kamili au 6.1 akazigonga kwa nyundo ya mpira zikaingia, hizo zimekazwa hata bila gundi. Fundi mwenye haraka hagundui.

Kwa kuwa mwenye uzi anataka kujifunza, naandika ninavyoifanya paneli kwa mkono. Mwenye njia nyingine aongeze.

Kwanza fremu. Mbao za kusimama na za kulala zipige randa zote kwa pamoja mpaka unene ulingane. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao. Mfereji upitishe ndani ya kingo zote nne kwa randa ya mfereji, upana milimita 6, kina 10 mpaka 12. Ukipitisha mfereji mpaka mwisho wa mbao za kusimama utabaki uwazi juu ya tundu, kwa hiyo ulimi acha na kipande kifupi begani kinachoziba uwazi huo. Kipande hicho ndicho kinachozuia kona isijikunje.

Kusanya fremu bila gundi, pima ndani, ongeza kina cha mfereji pande zote mbili, halafu kwa upana punguza nafasi ya kusogea. Kama unajenga kiangazi cha Dodoma, mbao iko kavu, acha nafasi kubwa maana masika itavimba. Kama unajenga Dar wakati wa masika, mbao imeshavimba, nafasi ndogo inatosha, ila ncha iingie ndani ya kutosha ili ikisinyaa isichomoke. Kwa urefu usihangaike, mbao hairefuki wala haifupiki kwa kiasi cha kukusumbua.

Paneli isawazishe uso mmoja. Tumia vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho, chuchumaa uangalie kama vinalingana. Kisha chora mstari wa uwanja wa kati kwa geji yenye kisu, si penseli, na chora mstari mwingine pembeni wa unene wa ncha.

Sasa mteremko. ANZA NA VICHWA, yaani pande mbili zinazokata nyuzi. Randa ikifika mwisho wa upande wa kukata nyuzi itang'oa kipande cha kona, hilo huliepuki. Ukimaliza vichwa, unahamia pande za kufuata nyuzi, na randa inafuta madhara yote ya kona. Ukianza kinyume, unaharibu kazi uliyokwisha kuimaliza. Kwenye vichwa pitisha msumeno wa meno madogo juu ya mstari wa uwanja, kina kidogo tu, ili nyuzi zisichanike kuelekea katikati. Ondoa mbao nyingi kwa randa kubwa ukiiinamisha, bleidi umeitoa kwa wingi. Zikibaki milimita mbili badilisha, randa ndogo, bleidi kali, kipande chembamba cha kupitisha mwanga.

Kupima usitumie rula. Chukua kipande cha mbao cha urefu wa kiganja, pitisha mfereji ule ule, ukitembeze kwenye ncha ya paneli mzunguko mzima. Kikikwama popote, randa hapo. Kitembee kwa uzito wake chenyewe.

#18 Mpwani wa Malindi, Unguja

Hicho kipande cha kutembeza ni elimu, ahsante sana Fundi.

#19 Kipara wa Mwanza

Naongeza moja kwa Fundi Shikilia: paka nta ya mshumaa chini ya randa. Mkono unachoka nusu. Kwenye mkangazi wenye nyuzi zinazopishana, randa ikiwa kavu inaruka.

#20 Chipukizi Veta

Swali wakuu. Nyuzi zikipishana, sehemu moja inalainika na sehemu jirani inang'oka. Nimenoa mpaka bleidi inanyoa nywele za mkono na bado. Nifanye nini?

#21 Fundi Shikilia Randa

Sogeza kile chuma cha juu kinachokaa mgongoni mwa bleidi. Wengi wanakiacha milimita mbili nyuma ya makali, hapo hakifanyi kazi yoyote. Kilete karibu mpaka ibaki chini ya nusu milimita, kwa mbao sumbufu kama unene wa karatasi mbili. Kinalivunja kapi kabla halijanyanyua nyuzi. Hakikisha kimekaa sawasawa juu ya bleidi bila uwazi, la sivyo makapi yataingia katikati na kuziba.

#22 Mama Paneli

Na kwa mvule ongeza tahadhari. Mvule una mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye nyufa za mti tangu ukiwa hai, na kwa nje huyaoni. Bleidi ikipita juu yake inapata pengo. Nikiona doa la kijivu au jeupe nachokoa kwa patasi ya zamani kwanza. Mtiki hauna mawe ila una mchanga mchanga ndani ya nyuzi zake, unamaliza makali taratibu. Mninga ndio rafiki wa randa.

#23 NyundoNzito

Mninga na mkurungu si kitu kimoja? Labda la babu ni mkurungu.

#24 Mbao Keko

Si kitu kimoja mkuu. Ni ndugu, wa jamii moja, lakini miti miwili tofauti. Mkurungu mwekundu zaidi. Mninga una sifa ya kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi tunazouza, ukishakauka umetulia. Na hapo nadhani ndipo jibu la la babu lilipo, hata kwa ile paneli yenye duara za kulala. Nimebadilisha msimamo: ubichi wa mtiki pamoja na utulivu wa mninga.

Ila mninga leo uwe na kibali cha TFS, wakala wa misitu Tanzania, na mbao iwe na alama ya nyundo ya watu wa misitu, vinginevyo kabati lako litaishia kizuizini.

#25 Mkamba wa Wote

Sasa wakubwa, mimi niko Machakos, Kenya. Hizi randa za chuma tunazozitumia, kama ile Stanley namba nne na namba tano, ndiyo Stanley mwenyewe aligundua hii teknolojia ya kuzungusha skrubu ndiyo bleidi itoke?

#26 Hesabu Tamu

Hapana ndugu. Ni Leonard Bailey, fundi wa Marekani, aliyepata hakimiliki za randa hizo kabla na baada ya 1860. Kampuni ya Stanley ilinunua biashara yake mwaka 1869 na kuendelea na mtindo wake. Ndiyo maana randa za watengenezaji wengine, kama Record za Sheffield, zinafanana nazo karibu kila skrubu.

#27 Mkamba wa Wote

Asante sana. Yangu ni Record, niliipata kwa mzee aliyestaafu, na inashinda mpya niliyonunua dukani. Mpya ilikuja na tumbo chini, katikati iko juu.

#28 Chipukizi Veta

Hilo tumbo dawa yake ni kubandika msasa juu ya kioo kinene, unaisugua randa mpaka chini pang'ae pote. Darasani tulifanya hivyo. Bleidi iwe imefungwa ndani lakini imerudishwa juu, maana kuifunga kunabadilisha chuma kidogo.

#29 Mzee wa Peramiho

Vijana hongereni. Mimi nilijifunza kwa wamisionari, na mafundi wa Peramiho wa wakati wetu walikuwa hawaruhusu mtu kuigusa mashine kabla hajatoa mlango wa paneli kwa randa. Hii kazi ya fremu na paneli ililetwa nchini na Wajerumani.

#30 Mwana wa Maskati

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, Mpwani ameshataja milango ya Kigujarati, na mafundi wa Kihindi walikuwa wakifanya kazi pwani kabla Mjerumani hajafika. Na Misri, mimbari za misikiti ya Kairo za wakati wa Wamamluk, watawala wa zamani wa Misri, zimejengwa kwa vipande vidogo vya mbao vinavyoingiana kwenye mifereji bila gundi, nyota na pembe nyingi, kwa sababu hewa kule ni kavu na mbao kubwa ni adimu. Fikra ni ile ile, kipande kiwe huru ndani ya fremu.

#31 Mzee wa Peramiho

Marahaba. Nimekubali kwa pwani. Kwa bara nabaki na langu.

Lakini nataka kusema jambo kwa Mhamiaji. Sisi hatukuwa na klampu za kutosha. Tulitoboa shimo kwenye tundu, halafu kwenye ulimi tukalitoboa shimo la pili limesogea kuelekea begani kwa milimita moja au moja na nusu. Ukigongomea kijiti cha mbao ngumu kilichochongwa ncha, kinavuta ulimi ndani mpaka bega linabana. Fremu haihitaji gundi hata tone. Na ikiwa hakuna gundi kwenye kona, hakuna gundi ya kuvuja ikaishika paneli. Angalia kabati la babu yako, utaona vijiti hivyo kwenye kona.

#32 Mhamiaji Dom

Mzee, shikamoo. Nimekwenda kuangalia sasa hivi. Kila kona ina vijiti viwili, duara ndogo nyeusi. Nilidhani ni mapambo! Na nimeisukuma paneli kwa kidole gumba, inacheza. Miaka yote hii inacheza na sikujua.

Halafu nikasukuma zile za mtiki zenye mstari mweupe. Moja inacheza. Nyingine imekaza kabisa, na haijapasuka.

#33 Hesabu Tamu

Hiyo iliyokaza na haijapasuka inavuruga maelezo yetu yote. Kama ina mstari mweupe pande zote mbili basi ilisogea, halafu ikakaza?

#34 Mama Paneli

Inawezekana ilisogea kwanza, halafu ikajikunja, na sasa imebanwa na mkunjo wake. Duara za kulala hufanya hivyo. Weka rula juu yake kwa kulala uone kama ina tumbo.

#35 Mbao Keko

Au ni kipande cha mbao kavu kuliko wenzake. Fundi huwa anaokota mabaki ya kazi tofauti ili afikishe idadi. Pima maji.

#36 Chipukizi Veta

Kama hana kipima unyevu, akate kipande kidogo toka kwenye zile zilizopasuka, maana zimeshaharibika. Akipime kwa mzani wa jikoni unaosoma gramu, akiweke ovenini nyuzi 103 hivi, akipime tena na tena mpaka uzito usishuke. Achukue uzito wa mwanzo, atoe uzito mkavu, agawe kwa uzito mkavu, azidishe kwa 100. Mfano gramu 126 zikishuka hadi 115, ni gramu 11 kwa 115, asilimia 9.6.

#37 Mbao Keko

Hiyo itamwambia maji ya leo, baada ya kiangazi chote kupita. Ya siku ya kujenga hatayapata tena. Kwa hiyo hoja yangu haiwezi kukanushwa 😀

#38 NyundoNzito

Wala haiwezi kuthibitishwa. Na la kwangu la msasa hakuna aliyelijibu.

#39 Fundi Shikilia Randa

Ngoja nikujibu, NyundoNzito. Uso ukirandwa safi unapendeza na vanishi inang'aa vizuri zaidi, hilo kweli. Lakini unyevu unaingia hata kwenye mbao iliyopakwa, unachelewa tu. Randa haiuzuii. Kama kuna kinachosaidia, ni kupaka na mgongo wa paneli, si mbele peke yake. Ukipaka upande mmoja, upande mtupu unakauka haraka na mbao inakunjikia huko. Mhamiaji, mgongo wa paneli za mtiki umepakwa?

#40 Mhamiaji Dom

Haujapakwa. Lakini na wa babu haujapakwa.

Mama Paneli, ile iliyokaza ina tumbo, rula inacheza kama milimita tatu. Nitakata kipande cha ovenini Jumamosi. Fundi Shikilia, swali la mwisho kwa leo: nikitoa hizi mbili zilizopasuka, naweza kuzirandia pande za ufa, nikaziunga kwa gundi na kuzirudisha, au nianze na ubao mpya?

#41 Fundi Shikilia Randa

Unaweza. Piga randa kingo zote mbili zikiwa zimebanwa pamoja uso kwa uso, ili randa ikiinama kidogo kosa lijifute zikifunguliwa. Utapoteza upana kiasi, kwa hiyo ongeza ukanda mwembamba wa mtiki katikati. Kisha punguza ncha mpaka itembee, paka mteremko wote, ndipo uirudishe.

#42 Kipara wa Mwanza

Fremu utaifunguaje sasa? Kona zina gundi.

#43 Mzee wa Peramiho

Asiifungue fremu. Alaze mlango kifudifudi, mgongo juu. Achonge mdomo wa nyuma wa mfereji kwa patasi, auondoe pande zote nne, upande wa mbele auache. Paneli itatoka kwa nyuma. Akishairudisha, aizuie kwa vipande vyembamba vilivyopigiliwa kwenye fremu, msumari usiguse paneli.

#44 Mama Paneli

Mzee hapo umeniokoa na mimi, nina mlango wa mteja umekaa karakanani tangu mwezi uliopita kwa sababu hiyo hiyo. Vipande hivyo unaviacha na unene gani?